Jinsi ya kuongoza mjadala wa pono na ukahaba kwa grupu yenu bila kuishia kwa matusi

Kama umepewa kazi ya kuongoza mjadala wa Jumamosi kwa grupu ya vijana, kwa chama, ama hata huko kampasi, na mada iliyochaguliwa ni ile ya "pono na ukahaba zinadhalilisha wanawake ama ni kazi tu kama zingine", wacha nikuambie venye itaenda usipojipanga. Dakika kumi za kwanza mmoja atasoma mstari wa Biblia, mwingine atamjibu mwili ni wake na pesa ni zake nyinyi inawahusu nini, wa tatu atauliza kama kuna video za mfano ndo watu wacheke, na madem wote watainamia simu zao. Yule anayeijua hiyo maneno kutoka ndani, na kwa ukumbi wa watu wengi hapa Nairobi usidhani hayuko, hatafungua mdomo hadi mkutano uishe.

Hii hapa chini ni venye mimi huifanya. Haitamaliza ubishi, lakini angalau watu watakuwa wanabishania kitu kimoja.

Anza kwa kutenga maswali mawili

Mtu akiuliza kama hii biashara ni mbaya kwa wanawake huwa amechanganya mambo mawili bila kujua. La kwanza ni heshima, yaani je, hii kitu inamfanya mwanamke aonekane kama bidhaa, yeye na hata wale ambao hawajawahi kukaribia hiyo kazi. La pili ni unyonyaji, nani anakula jasho la nani, nani analazimishwa, nani hana njia ya kutoka. Mara nyingi yanatembea pamoja lakini si lazima. Kuna dem anajirekodi mwenyewe kwa keja yake Roysambu, akaunti ni yake, pasiwadi ni yake, ukitoa ile asilimia 20 ambayo OnlyFans, ule mtandao wa kuuza video zako mwenyewe, hukata kila mtu, pesa yote ni yake, hakuna anayemnyonya kivile, na bado video zenyewe zinaweza kuwa zimejaa matusi na makofi hadi unajiuliza kijana wa miaka 14 anayeziangalia usiku chini ya blanketi atakuwa anawaona wasichana wa darasa lake vipi kesho yake. Alafu kuna mama anasimama barabarani, wateja wake wengine wanamsalimia kwa jina na kumuuliza watoto wako aje, lakini kila usiku nusu ya pesa yake inachukuliwa na watu ambao hata hawajamgusa.

Kwa hivyo chukua karatasi kubwa ya manila, chora mstari katikati, kushoto andika HESHIMA, kulia andika UNYONYAJI. Kila mtu akiongea muulize, hiyo hoja yako iende upande gani. Utashangaa venye kelele inapungua, manake watu wawili waliokuwa wanapigana wanagundua mmoja alikuwa anaongea ya kushoto na mwingine ya kulia, na pengine hata hawapingani.

Upande wa kushoto usiuachie wahubiri pekee

Kuna mtu atasema hii mambo ya heshima ni ya kanisa na msikiti. Mwambie hapana. Watu waliopiga pono vita kali kabisa kule Marekani hawakuwa mapasta, walikuwa wanawake wa harakati za usawa, Catharine MacKinnon ambaye ni mwanasheria na Andrea Dworkin ambaye alikuwa mwandishi. Mwaka 1983 waliandikia mji wa Minneapolis sheria ambayo haikusema neno dhambi popote, ilisema pono ni ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwanamke aliyeumizwa na hizo picha aweze kwenda kortini kudai fidia. Meya akaikataa. Mji wa Indianapolis ukaipitisha 1984, na mwaka uliofuata korti ya rufaa ikaitupa nje. Sasa hapa ndo pazuri, na ningekushauri uisome polepole mbele ya watu: yule jaji aliyeandika uamuzi alikubali kwamba picha zinazoonyesha wanawake wakiwa chini husaidia kuwaweka chini, hata akataja mambo ya mishahara duni na kutukanwa, lakini akasema serikali haina ruhusa ya kuchagua ni maoni gani kuhusu wanawake yatasemwa na yapi yatafungiwa. Yaani alikubali kuna madhara na bado sheria ikaanguka.

Na usisahau kulikuwa na wanawake wengine wa harakati hizo hizo, kama Ellen Willis, waliowapinga kina MacKinnon, wakisema ukiipa serikali fimbo ya kuchapa picha chafu itaanza kuchapa wanawake wenyewe. Uliza grupu yako, hapa kwetu hiyo fimbo ikitolewa inamwangukia nani kwanza? Wacha wajibu wenyewe.

Mimi binafsi naona upande wa kushoto una uzito, sitajifanya. Pono nyingi ya bure iliyoko kwa simu za vijana wetu haimwonyeshi mwanamke kama mtu mwenye hamu yake na mipaka yake, na kijana ambaye hajawahi kupewa mazungumzo mengine yoyote kuhusu mapenzi, manake nyumbani hakuna na shuleni ni mchoro wa via vya uzazi tu, anaichukua kama mwongozo. Lakini ukikaa kushoto masaa mawili mtazunguka tu. Kulia ndo kuna kitu cha kushika.

Kabla hujavuka, toa watoto nje ya mjadala

Hii isichukue hata dakika tano. Aliye chini ya miaka 18 hayuko kwa hii hesabu, hakuna "alikubali" wala "anajitafutia". Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inahesabu ukahaba wa watoto na pono ya watoto kuwa makosa ya kifungo, na anayetafuta faida ndo anayefungwa. Mtu akianza kubishana hapo usimpe maiki tena.

Sasa fuata shilingi

Hii ndo sehemu ninayoipenda, na ndo inayobadilisha watu. Geuza manila, andika juu kabisa shilingi 1,000. Sema hiyo ndo kastoma ametoa usiku huu hapa katikati ya jiji. Alafu muulize kila mtu, hiyo elfu inaenda wapi? Usiwape jibu, wacha wakate wenyewe, hata kama ni makadirio. Kuna mtu atasema chumba cha lojing'i, labda 300. Mwingine atasema soja wa mlangoni lazima aonyeshwe kitu. Kuna nauli ya boda usiku. Kuna kanjo, wale askari wa kaunti, wakikupata umesimama. Kuna jamaa anajiita mlinzi wako ambaye ukimkataa, yeye mwenyewe ndo utahitaji kulindwa dhidi yake. Nimeona grupu wakakata hadi ikabaki 250, na hapo bado hawajahesabu kondomu wala yule mtoto ameachiwa jirani kwa malipo. Hizo ni hesabu za mfano, lakini ukimpata mtu aliyewahi kusimama huko hatakuambia mko mbali sana.

Mkimaliza uliza swali moja: katika hawa wote waliokula hiyo elfu, ni nani mliyekuwa mnamzungumzia mkisema mwanamke ananyonywa? Wengi walikuwa wanamfikiria kastoma pekee. Hakuna aliyekuwa anamfikiria kanjo.

Na hapo ingiza sheria, manake Wakenya wengi hawaijui. Kuuza ngono kwa mtu mzima peke yake hakujaandikwa kama kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kilichoandikwa, vifungu vya 153 hadi 156, ni kuishi kwa mapato ya ukahaba wa mtu mwingine, kutongozea biashara hadharani, na kuendesha danguro. Kuzurura kwa nia ya ukahaba ni kosa kwa sheria ndogo za jiji la Nairobi, zile za 2007, na Desemba 2017 madiwani wa kaunti walipiga kura wakataka biashara hiyo ipigwe marufuku jijini kabisa. Sasa fikiria hiyo mchanganyiko inamfanyia nini mama wa barabarani. Yeye na mwenzake wakikodi chumba kimoja ndo waangaliane mmoja akichelewa kutoka, wanaweza kuitwa wenye danguro. Akisimama peke yake gizani, anazurura. Akibeba kondomu kwa mkoba zinaweza kutumiwa kama ushahidi, kuna ripoti ya 2012 iliyoangalia hiyo tabia ya polisi kwa nchi sita na Kenya ilikuwa ndani. Akipigwa na mteja aende wapi? Stesheni ile ile iliyomtoa kitu kidogo juzi?

Ndo maana mimi nikisikia mtu anasema ukahaba unanyonya wanawake kwa hivyo wakamatwe, huwa namuuliza umeona kwa hiyo manila kukamatwa kumekata ngapi.

Swali la ufunguo

Siku moja nikiwa na hii mada kwa ukumbi wa mtaa huku Eastlands, vijana walikuwa wamekwama kabisa kwa ile ya hiari na kulazimishwa, kila mmoja na mfano wake. Nyuma kulikuwa na mama anauza mboga nje ya lango, alikuwa ameingia tu kukaa kwa kivuli akingoja jua lishuke, na ndoo yake ya sukuma wiki iko katikati ya miguu. Akanyoosha mkono akauliza, "Sasa huyo msichana, ufunguo wa hicho chumba ni nani anakaa nao?" Ukumbi ukanyamaza, alafu wote wakaanza kuongea pamoja.

Tangu hapo hilo ndo swali langu kuu, na nimelipanua kidogo. Kila mfano ukiletwa, uwe ni wa barabarani, wa masaji, wa kamera, wa filamu, uulize hivi: anaweza kumkataa mteja huyu, leo, bila kupigwa wala kufukuzwa? Anaweza kuondoka mwezi ujao, ama kuna deni, pasipoti, ama video inayomshikilia? Pesa inaingia kwa laini ya nani? Akiumizwa, kuna mtu wa kumwambia ambaye hatamuumiza zaidi? Ukipata hapana kwa yoyote kati ya hizo, uko na unyonyaji mbele yako hata kama huyo dada anatabasamu kwa picha. Ukipata ndio kwa zote, basi kama una shida na hiyo kazi shida yako iko upande wa kushoto wa manila, na uko huru kuitetea huko, lakini acha kusema unamwokoa.

Na usidhani kushika ufunguo ni kitu ya juzi. Wanahistoria wameandika kuhusu wanawake wa Pangani ya zamani na Pumwani, miaka ya 1920 na 1930, waliouza ngono kwa wafanyakazi waliokatazwa na mkoloni kuleta bibi mjini, na wengi wao hawakuwa na kuwadi yeyote, walikuwa na vyumba vyao, wakaweka akiba wakajenga na kununua nyumba wakawa malandilodi. Serikali ikaja kubomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Sisemi maisha yao yalikuwa matamu. Nasema pesa yao waliishika wao.

Kama uko na muda, tia pia ile ya Majengo, huko huko Pumwani. Kuanzia 1985 wanawake waliouza ngono pale Pumwani walijiunga na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba cha Kanada, wakawa wanatoa damu mwaka baada ya mwaka, na ikaonekana baadhi yao hawapati virusi vya ukimwi hata baada ya kukutana navyo mara nyingi. Dunia nzima ilikuja kuwasoma hao mama. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi wetu, alifanya nao kazi miaka mingi, akawa anakaa nao kwa baraza, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe kukataa mteja asiyetaka kondomu. Walipata matibabu, ndio. Sasa uliza, sayansi ilipata nini kutoka kwao na wao walibaki na nini, hiyo nayo iende upande gani wa manila? Hapo utapata kimya kizuri.

Pono iwe na dakika zake, usiichanganye na barabara

Tofauti kubwa ni hii, mteja wa barabarani akitoka ametoka, video haitoki. Kwa hivyo lile swali la kuondoka lina uzito mara mbili kwa upande wa pono, unaweza kuacha kazi na kazi isikuache.

Mfano wa kutumia ni wa San Diego kule Marekani, tovuti ya pono iliyoitwa GirlsDoPorn. Wasichana, wengi wa umri wa kampasi, waliona tangazo la kazi ya umodo, modo wa nguo kabisa. Wakifika wanaambiwa ni video, lakini usijali, itauzwa kwa DVD mbali huko Australia ama New Zealand, hakuna mtu wa kwenu ataiona. Karatasi ya mkataba wanapewa kwa hoteli, wanaharakishwa kusaini. Alafu video inawekwa kwa intaneti, na majina yao yanasambazwa hadi wazazi na wanafunzi wenzao wanapata. Wanawake 22 walishtaki, Januari 2020 wakashinda karibu dola milioni 13, na mkubwa wa hiyo biashara, Michael Pratt, aliyekuwa ametoroka, akashikwa Uhispania mwaka 2022 na mwaka 2025 akahukumiwa miaka 27. Kumbuka kwa kamera hao wasichana walisema wamekubali, wanatabasamu, sahihi ziko. Kila mtu anayekuambia "si alikubali" mpe hii.

Mwisho wa 2020 nayo Pornhub, tovuti kubwa ya pono, iliondoa mamilioni ya video zake baada ya gazeti moja kubwa la New York kuandika kuhusu video za watoto na za ubakaji zilizokuwa humo, na Visa na Mastercard wakakatiza malipo. Ona ni nani aliisukuma: wenye kadi za benki. Kilio cha wanawake waliokuwa wanaandika barua miaka mingi wakiomba video zao zitolewe hakikuwa kimetosha.

Ilete nyumbani sasa. Mfano huu nimeutunga lakini uko karibu sana na mtaa: dem wa mwaka wa pili anatumiwa ujumbe kwa Telegram, kuna studio Kilimani, kazi ni kupiga stori na wazungu kwa kamera, laki kwa mwezi, unalala hapo hapo. Anaombwa picha ya kitambulisho pande zote mbili, video ya majaribio bila nguo "ya kuthibitisha umri", na akaunti inafunguliwa na studio yenyewe. Pitisha huu mfano kwa maswali ya ufunguo mbele ya watu. Pasiwadi si yake. Pesa inapita kwa studio, na ile ya kulala na chakula inakatwa kabla hajaiona. Ile video ya majaribio ndo kufuli. Wacha wasichana wenyewe waseme ni wapi wangesimama wakakataa, usiwasemee.

Hoja ambazo zitakuja tu

"Ni umaskini unawasukuma." Kweli, lakini umaskini ndo unamsukuma pia yule wa kufua nguo Eastleigh na yule anayepanda ndege kwenda Ghuba kuwa yaya. Ukisema kila kazi iliyofanywa kwa shida ni unyonyaji utafunga nusu ya Nairobi. Rudi kwa swali la kukataa.

"Basi ni kazi kama ya mjengo." Hapa nakataa. Kwa mjengo fundi akikwambia beba simiti hakuna anayedai ana haki ya mwili wako usiku kucha kwa sababu umelipwa, na hakuna binti anatengwa na familia maisha yote sababu aliwahi kubeba simiti. Inaweza kuwa kazi na bado isiwe kama nyingine.

"Amekubali mwenyewe." Ushawapa ya San Diego. Ongeza kwamba Sheria ya Kupambana na Biashara Haramu ya Binadamu ya 2010 hapa Kenya haikubali hiyo kama utetezi, ukimpata mtu kwa kumdanganya ama kumtisha ukamweka kwa unyonyaji, hata akisema alikubali umefanya kosa, na adhabu ni kuanzia miaka 30 jela ama faini ya kuanzia milioni 30. Na Sheria ya Makosa ya Ngono inamshika anayeendesha ukahaba wa mwingine kwa faida, miaka isiyopungua mitano ama faini ya laki tano.

"Na wanaume je?" Wako, kwa pono na kwa barabara, na wengine wanapigwa zaidi na hawawezi kuripoti kabisa. Maswali ni yale yale.

Wakitaka kujua nchi zingine zinafanya nini

Hawa watakuja na "lakini Uswidi" na "lakini Ujerumani", kwa hivyo jua kidogo. Uswidi tangu 1999 inamwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji, Ufaransa ikafuata 2016, na wanawake na wanaume zaidi ya 250 wa hiyo kazi wakaishtaki Ufaransa kwa Korti ya Haki za Binadamu ya Ulaya wakisema sheria imewasukuma gizani zaidi, wakashindwa Julai 2024. Ujerumani ilihalalisha 2002 na ikapata madanguro makubwa makubwa. New Zealand iliondoa makosa yote 2003, ikaandika kabisa kwamba mtu anaweza kumkataa mteja, na 2014 mwanamke wa danguro alimshtaki bosi wake kwa kumsumbua kingono akashinda dola 25,000 za huko. Kumbuka tu wageni wenye viza ya muda hawaruhusiwi kufanya hiyo kazi, kwa hivyo wao wamebaki pale pale bila ufunguo. Ubelgiji tangu Desemba 2024 ina mkataba wa ajira na likizo ya uzazi kwa hiyo kazi.

Ukiniuliza mimi, ningechukua ile kitu ya kukataa mteja na ile ya kushtaki bosi niziweke hapa kesho asubuhi, kabla ya kubishana kama tuhalalishe ama tusihalalishe.

Mambo ya ukumbini

Usionyeshe klipu yoyote, hata ya sekunde, hata ukiwa na nia nzuri, kusambaza mambo machafu ni kosa na pia utapoteza nusu ya watu. Simu ziwe mfukoni, hakuna kurekodi. Wanawake waongee kwanza kwa kila raundi, wanaume wasipopenda watazoea. Usiulize mtu yeyote "wewe umewahi?", na ukisikia mtu anataja jina la dem wa mtaa mkatize hapo hapo kabla hajamaliza.

Ukitaka mtu wa hiyo kazi aje aongee, usimwokote barabarani kama maonyesho. Kuna mashirika yao wenyewe hapa, Bar Hostess Empowerment and Support Programme iko tangu 1998, na KESWA ambayo ni muungano wao. Waandikie, sema mada, kubali wakikataa, na wakikubali lipa nauli na muda wake kama vile ungemlipa mwanasheria. Walai huwezi ukaongoza mjadala wa unyonyaji na mgeni wako ameenda nyumbani na soda.

Mkimaliza, baki

Usikimbilie matatu. Kaa hapo unakunja viti polepole, manake kuna mtu atakuja kuuliza "kwa niaba ya rafiki". Mara nyingi ni video. Kuna eksi anatisha kuivujisha, ama ile studio inataka pesa. Mwambie huyo rafiki asilipe, akilipa mara moja atalipa kila mwezi. Kabla hajamblok huyo mtu apige skrinshoti za meseji zote na namba, na linki nzima kama imeshawekwa mahali, na tarehe. Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018, kifungu cha 37, inahesabu kusambaza picha za faragha za mtu kuwa kosa, hadi miaka miwili jela ama faini ya hadi laki mbili ama zote, kwa hivyo ana kesi, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake wasioweza kulipa wakili. Kama alikuwa na miaka 18 na zaidi picha ikichukuliwa aingie StopNCII.org, picha haiondoki kwa simu yake, inatengenezewa alama tu ambayo Facebook, Instagram, TikTok na wengine wanaitumia kuizuia. Kama alikuwa chini ya 18 kuna Take It Down, inafanya kazi hivyo hivyo, na namba ya simu ya watoto ni 116.

Kama ni kupigwa ama kubakwa, namba ya kupiga ni 1195, ya bure, usiku na mchana, na afike hospitali kabla masaa 72 hayajaisha ndo apate dawa za kuzuia ukimwi, asioge wala kufua nguo alizovaa. Ripoti ya polisi inaweza kufuata baadaye. Hospitali kwanza, na kama anaogopa kwenda peke yake mpeleke.